Mtaa Mtulivu Hupimwa kwa Viatu vya Kanisani

Keki mliyoniagia, madalali wenzangu, niliila yote, ilikuwa kavu. Nasema hivyo kwa sababu mlinizoea kwa kusema, na sitaki mdhani kustaafu kumenilainisha ulimi. Siku ile mliniomba nisimame niwape neno, nikajifanya nimekabwa na uchungu wa kuaga. Uongo mtupu. Goti lilikuwa limegoma. Leo nimekaa kwangu, goti nimelinyoosha juu ya kigoda, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na neno lenyewe ndilo hili.

Mimi Tusekile, mnayeniita Bibi Tuse, darasa la nne sikulimaliza. Nimekuwa dalali wa nyumba na vyumba, kwanza Mbeya, baadaye Iringa. Wenzangu walipenda wapangaji wa kudumu. Mimi nilipenda wageni wa likizo, wale wanaotoka Dar au Dodoma kuja kupoa kwetu wiki moja, wiki mbili. Wote wanakuja na ombi lile lile: "Mama, nitafutie mtaa usio na kelele, lakini niweze kutembea kwa miguu." Ukilisikia unaona ni ombi dogo. Mimi limenila ujana, likala na uzee kidogo, na nilipoanza kulielewa nikawa sina magoti.

Nilianzia Uyole. Sikuwa dalali, nilikuwa muuza chai na viazi vya kuchemsha kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Watu wakishuka kwenye basi wanauliza wa karibu, na wa karibu nilikuwa mimi. Wapi kuna gesti? Wapi kuna nyumba ya familia? Nilikuwa na mdomo, na Uyole mwenye mdomo hakosi kibarua.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa baba, mama na watoto, wamekuja kula Krismasi kwenye baridi. Wanataka kimya. Nikakumbuka nyumba ya muumini mwenzangu nyuma ya soko. Asubuhi nikaenda kuikagua kama mkaguzi wa serikali, mikono nyuma. Kimya! Unasikia kuku anavyomeza. Nikarudi nikamwambia yule baba, "Mtaa ule hata inzi anavua viatu akiingia." Nilijipenda sana kwa msemo huo. Wakahamia mchana.

Kumbe tangu alfajiri umeme ulikuwa umekatika.

Uliporudi, kulia kukaamka mashine ya kusaga. Kushoto fundi wa kuchomelea mageti akawasha mtambo wake. Nyuma kulikuwa na baa, na spika yake ikaendelea na wimbo kutoka katikati, pale pale ulipokatikia alfajiri. Yule baba akaja kwenye birika langu amekunja mikono.

"Mama, ule ukimya umeupeleka wapi?"

"Umeme umerudi, baba. Tumshukuru Mungu."

"Mimi nashukuru. Mke wangu ndiye anafungasha."

Basi, vijana, mkikagua nyumba jambo la kwanza ni kubonyeza swichi. Taa isipowaka, geuzeni mwende zenu, mtarudi siku nyingine. Kila mtaa usio na umeme unafanana na makaburi. Nawaona mnatuma wageni klipu za nyumba zenye muziki mliouweka wenyewe. Huo ni Uyole wangu mnaurudia, ila ninyi mna simu nzuri.

Habari ya birika ilifika Mwanjelwa kwa Mzee Ambokile. Huyu alikuwa dalali mkongwe, mfupi, koti refu, hacheki ila mabega yake yanacheka. Akanifuata Uyole kunitazama tu, kama mtu anavyokwenda kutazama ndama mwenye vichwa viwili. Akasema, "Wewe una mdomo. Bado masikio na miguu. Njoo nikufundishe." Nikauza birika.

Masikio alinifundisha vizuri. Alinikataza kuuliza majirani kama mtaa una kelele, maana mtu hasikii kelele za kwake. Ukimuuliza mama aliyelala miaka yote jirani na kwaya inayofanya mazoezi, atakwambia pametulia. Alinituma nikae mlangoni mwa nyumba na kitambaa cha kufuma, kuanzia baada ya chakula mpaka watoto watoke shule na vijana wa bodaboda wakusanyike kijiweni kwao. Nikikosea mishono, mtaa una kelele. Nilifuma vitambaa vya makochi vya kutosha kanda nzima, na vingi vimepinda.

Miguu ndiyo iliyoniaibisha.

Walikuja maharusi, wako kwenye fungate. Nikawapatia nyumba nzuri kwenye miteremko ya Loleza, mbele maua, nyuma mlima. Bwana harusi akauliza, "Kutoka sokoni ni mbali?" Nikajibu kama tunavyojibu sisi watu wa milimani tangu tuzaliwe: "Hapo tu." Tukaanza kupanda. Kulikuwa kumenyesha, njia inateleza, na mimi niko mbele na sanduku lao kichwani, napiga hadithi. Nikageuka kuwaonyesha mji ulivyo mzuri ukiwa chini. Hawapo. Nikarudi nikawakuta mwisho wa lami. Bibi harusi amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi, kisigino cha kiatu kimebaki kwenye tope.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hiyo hapo yako iko wilaya gani?"

Mzee Ambokile aliposikia, mabega yalicheka mpaka koti likamvuka. Halafu akawa mkali.

"Njia ile uliipima kwa miguu ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Miguu yako imebeba ndizi za Tukuyu tangu huna meno. Mgeni anakuja na miguu iliyokaa ofisini mwaka mzima. Una viatu vya kanisani?"

"Ninavyo."

"Vinabana?"

"Sana."

"Hivyo hivyo. Kuanzia leo hupimi mtaa bila hivyo."

Ni vyeusi, vina kisigino kifupi, na vinakibana kidole kidogo kama vina kesi nacho. Kuanzia siku ile kila nyumba niliipima hivi: natoka mlangoni nimevaa viatu vya kanisani, nakwenda dukani, nanunua sukari na mafuta, narudi na mzigo huo mkononi, kwa sababu kwenda si kazi, kazi ni kurudi. Kidole kikilalamika kabla sijafika dukani, mtaa haufai. Kikilalamika wakati wa kurudi, tunaweza kuzungumza. Watu wa Mbeya waliniona siku za kazi nimevaa kama nakwenda kubatizwa, wakasema mama huyu ameokoka mara ya pili. Waache waseme. Sikurudishiwa tena mgeni kwa sababu ya mlima.

Hapo nikaanza kuvimba kichwa, na kichwa changu kina nafasi.

Iringa nilikwenda kumlea mjukuu, nikabaki. Kijiweni kwenu mkanipokea, mkanifundisha kusema "Kamwene", salamu ya Kihehe, kwa kila ninayepishana naye, nami nikawafundisha viatu. Mkacheka, lakini mkavaa. Nikajiona nimemaliza elimu yote ya udalali duniani. Mungu hapendi mtu wa namna hiyo. Akaniletea Neema.

Neema alinipigia simu kutoka Dar. Anafanya kazi benki, sauti ya adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka mtaa usio na kelele, unaotembeka kwa miguu."

"Umejuaje?"

"Endelea."

Akaendelea, na safari hii halikuwa jambo la likizo tu. Baba yake, Mzee Kiango, alikuwa fundi wa reli mstaafu, mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kiharusi kilimshika, mguu wa kushoto ukawa mzito. Daktari akasema atembee kila siku. Akajaribu, akaanguka kwenye mtaro mbele ya bodaboda, na tangu siku ile havuki kizingiti. Anakaa kwenye kiti anaangalia ukuta. Kaka zake Neema wakaamua: mzee ahamie kwa mtoto mkubwa, ghorofani, nyumba yake ipangishwe. Mzee akasema kwenye nyumba ile atatoka na jeneza. Neema akawaomba kaka zake wasubiri: angemleta baba Iringa likizo yake yote, waamue ikiisha.

"Nikiwaonyesha baba anatembea mwenyewe, wamekubali watamwacha kwake," akasema. "Nikishindwa, mama, funguo za nyumba yake natakiwa kuzitoa mimi."

Nikamwambia asihofu, amempata mwenyewe. Nilisema hivyo hivyo: "Umempata mwenyewe."

Nikachagua Gangilonga. Mnapajua: miti, barabara nzuri, nyumba zimekaa mbalimbali, upepo safi. Nilipata nyumba sehemu iliyo tambarare. Umeme ulikuwepo, nilibonyeza swichi zote mpaka ya bafuni. Nikafuma, sikukosea mshono hata mmoja. Nikavaa viatu, kidole hakikusema kitu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Wakafika, mzee mrefu, mkimya, mkongojo mkononi, akaniangalia kama mtu anayeangalia ratiba ya treni iliyofutwa.

Baada ya siku chache nikapita kuchukua sifa zangu. Nikamkuta barazani, blanketi mpaka kidevuni. Neema amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Hatoki," akaninong'oneza. "Alitoka mara moja tu."

Nikavuta kiti. "Mzee, mbona unaniaibisha? Barabara nimekuchagulia kama kioo."

"Bibie, barabara haina kosa," akasema. "Nilitoka. Geti, geti, geti. Waliotoka kunisalimu ni mbwa. Nikachoka, nikasimama kupumzisha mguu. Akatoka mlinzi akaniuliza, 'Mzee, unamtafuta nani?' Sikuwa na jibu. Mtu asiyemtafuta mtu anasimama barabarani anafanya nini? Nikarudi."

Nikaangalia chini, nikaona mpira wa mkongojo wake umelika upande mmoja. Nikashika hapo hapo, kama mtu anayezama anavyoshika jani.

"Huu utakuangusha. Twende kwa fundi wangu tukabadilishe. Tunakwenda na bajaji, hutembei."

Fundi wangu wa viatu ni Festo, yuko mtaa mmoja wa zamani nyuma ya Mshindo. Mtaa ule sijawahi kumpeleka mgeni wa likizo. Nyumba zimebanana, bati zimeota kutu, akina mama wanakaa nje wanapukuchua maharage, na Festo mwenyewe anagonga nyundo tangu asubuhi. Kwa kipimo changu ulikuwa umefeli. Vitambaa vyangu vya kufuma vingetoka kama nyavu.

Mzee alikalishwa kwenye benchi. Kila anayepita, "Kamwene, mzee." Akawa ananiangalia mimi. Nikamwambia, "Wanakusalimu. Jibu hivyo hivyo." Akajibu wa kwanza kwa kunong'ona. Wa nne alimjibu kama anatangaza treni imefika. Mama Bahati, anayekaa nyumba inayofuata, akamuuliza anatoka wapi, mguu umefanyaje, amekula nini, na kwa nini amefunga skafu kama mtoto. Mpira ulishabadilishwa zamani. Hakuinuka.

Neema akanivuta pembeni. "Mama, mbona kuna kelele hapa? Hii nyundo..."

Baba yake akasikia. "Nyundo iache," akasema. "Reli tulikuwa na mtu kazi yake kugonga magurudumu kabla safari haijaanza. Gurudumu zima linalia vizuri, lenye ufa linakwama sauti. Nimelala usingizi mzuri sana kwenye sauti hiyo. Bibie, hapa hakuna chumba?"

Kipo, akadakia Mama Bahati kabla sijafungua mdomo. Vyumba viwili, vya mwanawe aliyehamia Makambako. Kwa hiyo nyumba bora niliyowahi kumpatia mgeni, sikuipata mimi. Aliipata mama mwenye maharage mapajani, bila viatu vya kanisani wala vya aina yoyote.

Wakahamia. Kila siku alikwenda hatua chache zaidi, Neema kando yake ameshika kiwiko. Likizo ikakaribia kwisha na bado hajaenda mwenyewe, na kaka zake wakawa wanauliza kila jioni kwenye simu. Asubuhi moja Neema akaniita. Nilikuwa na nyumba ya kukagua baadaye, nikaja nimevaa viatu vyangu.

"Amesema leo anakwenda kununua gazeti peke yake. Amenikataza kumfuata."

"Basi tusimfuate. Tumchungulie."

Tukajificha nyuma ya shuka zilizoanikwa. Mzee akatoka, mkongojo mbele, mguu wa kushoto unachora mchanga.

"Bibi Tuse!" Mama Bahati akapiga kelele kutoka kwenye maharage yake. "Viatu vyako tunaviona!"

Mzee hakugeuka, lakini mabega yalicheka. Nikamkumbuka Ambokile.

Akafika kwa Mama Bahati, akasimama, "Kamwene," wakasemezana. Akaendelea. Akafika kwa muuza ndizi, akasimama, wakasemezana. Akaendelea. Ndipo nikaona, vijana, baada ya miaka yote ile ya kufuma na kubanwa kidole. Mtu mwenye mguu mbovu akisimama barabarani peke yake, anaonekana mgonjwa. Akisimama kusalimia, anaonekana ana adabu. Mzee alikuwa anapumzisha mguu kila baada ya hatua kadhaa, na hakuna aliyemhurumia, kwa sababu hakuna aliyejua. Gangilonga nilimpa barabara, sikumpa pa kusimama.

Akampita Festo. Akakunja kona. Hatumwoni tena.

Neema akachomoka nyuma ya shuka. "Akianguka kule?"

"Wewe baki," nikamwambia. "Mimi nakata njia ya nyuma, natokea mbele yake. Mimi ni mtembeaji."

Njia ya nyuma ina kipando. Katikati ya kipando kisigino cha kulia kikaingia kati ya mawe, kikabaki humo. Mguu ukaenda kwake, goti likaenda kwake. Nikakaa chini, juu ya jiwe, kiatu mkononi. Bibi harusi wa Loleza kama angeniona angesamehe yote. Nilijaribu kusimama, goti likasema hapana. Nikakaa hivyo, jasho linanitoka kwenye baridi ya Iringa, naomba tu asipite mtu anayenijua.

Akapita Mzee Kiango, anarudi kwa njia hiyo hiyo ya nyuma, gazeti kwapani.

Akasimama. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kiatu.

"Bibie," akasema, "unamtafuta nani?"

Nikamwonyesha kiatu. Akahamishia mkongojo mkono mwingine, akaninyooshea uliobaki huru. "Nyanyuka. Kwa fundi hapo tu."

Tukashuka. Nilimwegemea, sisemi kidogo, nilimwegemea kama gunia. Kwenye kona tukakutana na Neema, hakuweza kubaki. Alikuwa analia na kucheka, simu ameinyanyua, anarekodi. Nikamwambia azime, hakuzima. Mtaa mzima ukasimama. "Kamwene, mzee! Umeokota nini huko?" Naye anawajibu mmoja mmoja, kifua mbele, bila kusimama kwa yeyote. Safari hiyo hakuhitaji, aliyehitaji kusimama nilikuwa mimi.

Neema akatuma klipu kwa kaka zake. Tukasubiri pale kwa Festo, na hakuna aliyepukuchua harage. Mzee alifungua gazeti, lakini hakuligeuza ukurasa. Jibu likaja la sauti. Neema akaliweka kwa nguvu watu wote wasikie, kosa ambalo bado sijamsamehe. Ni kaka mkubwa:

"Neema, tumemwona baba. Nyumba yake abaki nayo, tumekubaliana, mwambie atusamehe. Ila huyo bibi anayekokotwa na baba, ana watoto kweli? Waambieni wasimwache atembee peke yake."

Mtaa ule uliotulia kusikiliza ukapiga kelele ambazo Uyole haijawahi kuzisikia.

Mwezi ule ule nikawaambia naacha kazi. Viatu Festo ameshavitengeneza, nimewatundikia msumarini kijiweni. Atakayechukua wageni wangu avivae kwanza, atembee mtaa mzima, ahesabu si maduka wala vilima bali watu atakaosimama kuwasalimu kabla kidole hakijalia. Wasipokuwepo, asimpeleke mgeni. Kisigino cha kulia kimekaa vizuri sasa. Kidole kidogo bado vinakibana, na Festo nilimkataza kuvitanua.